Vitabu Vitano Kabla ya Tiketi ya Iskandaria

Mwongozo bora wa Iskandaria niliowahi kuusoma uliandikwa na Mwingereza ambaye hakwenda huko kutalii. E. M. Forster alifika mwishoni mwa 1915, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kufanya kazi ya Msalaba Mwekundu: kupita hospitalini na kuwauliza majeruhi habari za wenzao waliopotea vitani. Alidhani atakaa miezi michache. Aliondoka mwanzoni mwa 1919. Kitabu chake, Alexandria: A History and a Guide, kilichapwa mjini humohumo mwaka 1922, kisha kikapatwa na mkasa ambao Forster mwenyewe aliusimulia baadaye. Wachapishaji walimwandikia kwamba ghala limeungua, nakala zimeteketea na bima imelipa. Muda si mrefu wakagundua kwamba nakala ziko salama. Kwa kuwa fidia ilikwishapokelewa, wakaona njia iliyonyooka ni kuzichoma wenyewe.

Nilikisoma kitabu hicho mwaka huu nikiwa napanga safari ya siku nne. Nasoma shahada ya umahiri katika fasihi hapa Dar es Salaam, na fedha za safari nimezikusanya kwa miaka miwili kutokana na tuisheni za jioni. Sina mkutano wa kuhudhuria wala utafiti wa kufanya Misri. Naenda kupumzika, kutembea kando ya bahari nyingine na kurudi. Nalitaja hili kwa sababu karibu kila niliyemwambia aliuliza naenda kufanya nini. Jibu la "kutembea tu" halikumtosheleza hata mmoja. Dada yangu aliniambia, "Kama ni bahari na majumba ya zamani, boti ya Unguja inaondoka kila siku."

Maandalizi yenyewe si magumu kuyaeleza. Unaruka hadi Cairo, halafu unapanda treni katika stesheni ya Ramses, kilomita 220 hivi hadi Iskandaria, mwendo wa saa mbili na nusu au tatu. Julai na Agosti unaziepuka, kwa sababu watu wa Cairo wanalikimbia joto na kuujaza mji. Kipupwe kina dhoruba, na Waiskandaria wana kalenda yao ya dhoruba hizo, kila moja na jina lake, kama sisi tulivyo na kaskazi na kusi. Miezi ya katikati ndiyo mizuri.

Kilichonisumbua ni lugha ya miongozo. Nilifungua mmoja baada ya mwingine, ya kuchapwa na ya mtandaoni, na kila mmoja ulizungumza na mtu anayeitwa "wewe". Huyo wewe anapata viza uwanjani akishatua. Huyo wewe amechoshwa na baridi ya kwao na anatafuta jua. Bei za soko la samaki anaziona za chini mno. Anaonywa kuhusu kelele, vumbi, magari yasiyofuata taa na watu wanaomkodolea macho. Anaahidiwa kwamba Iskandaria haitamshtua sana, kwa kuwa ni "ya Mediterania" kuliko ilivyo ya Afrika. Mimi viza naiombea nyumbani, kwa barua ya benki, barua ya chuo na uthibitisho wa hoteli. Jua ninalo. Kelele nimezaliwa nazo. Nilisoma kurasa nyingi bila kuona hata sentensi moja iliyoniwazia mimi kama msafiri.

Basi nikaiweka kando, nikasoma vitabu vitano, na kila kimoja nikakiuliza swali hilohilo: unazungumza na nani, na katika mji huu ni nani umemwacha nje? Naviandika hapa kwa mpangilio niliovisoma, kwa sababu mpangilio huo umebadilisha ratiba yangu.

Nianze na Forster. Uzuri wa kitabu chake uko katika muundo. Nusu ya kwanza ni historia, nusu ya pili ni matembezi, na nusu hizo mbili zimefungamanishwa kwa namba za kurasa. Ukifika kwenye nguzo inayoitwa ya Pompey, namba inakurudisha nyuma ujue kwamba nguzo hiyo haihusiani na Pompey. Ilisimamishwa kwa heshima ya Kaisari Diocletian mwishoni mwa karne ya 3. Ukifika ngome ya Qaitbay, iliyojengwa katika miaka ya 1470, unarudishwa kwenye mnara wa taa wa Pharos uliosimama papo hapo tangu karne ya 3 kabla ya Kristo hadi matetemeko ya ardhi yalipoumaliza. Forster anakiri waziwazi kwamba vivutio vya Iskandaria, ukivitazama hivihivi, si vya kusisimua. Utamu wake huja unapovifikia kwa njia ya yaliyopita. Ni mwandishi gani wa mwongozo leo angethubutu kumwambia mteja kwamba anachokwenda kukiona kwa sehemu kubwa hakipo? Kati ya historia na matembezi ameweka shairi la C. P. Cavafy, Mgiriki wa Iskandaria aliyekuwa karani katika idara ya umwagiliaji kwa miaka thelathini hivi, na ambaye nje ya mji wake alikuwa hajulikani. Kumwamini mshairi wa mtaani kiasi cha kumpa nafasi ya katikati ya mwongozo ni jambo ninaloliheshimu.

Lakini namba za kurasa za Forster haziendi kila mahali. Tangu majeshi ya Amr ibn al-As yalipouchukua mji katika karne ya 7 hadi Napoleon alipotia nanga mwaka 1798 ni zaidi ya miaka 1,100. Kipindi chote hicho kimepewa kurasa chache. Ptolemy mmojammoja ana historia yake. Karne kumi na moja za Waarabu, Wamamluki na Waturuki zimesimuliwa kana kwamba mji ulikuwa umelala usingizi. Kuna pengo jingine, dogo zaidi, ambalo sikuweza kulisahau. Mtu ambaye Forster alimpenda Iskandaria alikuwa kondakta wa tramu, Mohammed el-Adl. Alikutana naye ndani ya tramu akiwa abiria. Mwongozo unakueleza njia za tramu kwa uangalifu: upande wapi, ushuke wapi. Kondakta hayumo. Simlaumu Forster, kwani kwa sheria za Uingereza za wakati ule penzi lile lilikuwa jinai, na kulificha kulikuwa kumlinda el-Adl pia. Hata hivyo, matokeo yake kwenye karatasi ni mji ambao tramu zake zinajiendesha zenyewe. Na hivyo ndivyo miongozo mingi inavyoiona miji yetu: usafiri upo, chakula kipo, huduma ipo, lakini anayehudumia hana jina wala kwao.

Kitabu cha pili, Justine cha Lawrence Durrell, kimewapeleka watu Iskandaria kuliko mwongozo wowote. Kilitoka mwaka 1957, kikafuatwa na vingine vitatu hadi 1960, na vyote vinne hujulikana kama Alexandria Quartet. Durrell aliishi mjini humo wakati wa Vita vya Pili akifanya kazi ya habari kwa serikali ya Uingereza. Mwanzoni mwa Justine anatutahadharisha kwamba wahusika wote ni wa kubuni na kwamba mji pekee ndio halisi. Nimekisoma mara mbili na naona kinyume chake. Justine mwenyewe, mumewe Nessim, Melissa mcheza dansi, hawa naweza kuwaamini. Wivu wao naujua, na uongo wao pia. Mji ndio nisiouamini. Ni moshi, marashi, vumbi la rangi ya shaba na ukahaba, mji usiofanya kazi mchana. Nessim ni Mkopti, ndiyo, Mmisri tajiri mwenye benki. Waarabu Waislamu, waliokuwa wengi kuliko wote mjini, wanapita kama watumishi, ombaomba na umati. Mtumishi wa msimulizi, Hamid, ana jicho moja, na karibu hicho ndicho tu tunachokijua juu yake.

Kuna rafiki yangu darasani anayempenda Durrell na ana hoja ya kusikilizwa. Anasema riwaya si sensa. Mwandishi ana haki ya kuandika chumba kimoja cha nyumba. Nakubali. Tena nakubali kwamba Durrell anaandika bahari na mwanga wa jioni kwa namna inayokufanya ufunge kitabu na kuangalia dirishani. Shida yangu ni pale chumba kimoja kinapouzwa kuwa ndiyo nyumba nzima. Miongozo ya leo inamnukuu Durrell karibu kila ukurasa, na kila inapomnukuu inaongeza majonzi: mji huu ulikuwa wa Wagiriki, Waitaliano, Wayahudi, Waarmenia, Wasyria, mji wa lugha tano, halafu wote wakaondoka, na kilichobaki ni Misri tu.

Hilo "tu" ndilo la kutazamwa. Kuondoka kwao kulikuwa kweli, na kulikuwa na uchungu. Tarehe 26 Julai 1956 Gamal Abdel Nasser alitangaza katika uwanja wa Manshiyya, hapohapo Iskandaria, kwamba Mfereji wa Suez umetaifishwa. Vita vilipofuata, Waingereza, Wafaransa na Wayahudi wengi walifukuzwa au walilazimika kuhama. Utaifishaji uliofuata ukawaondoa Wagiriki wengi. Watu waliozaliwa pale, wasiojua mji mwingine, walifunga masanduku. Anayelilia hilo halii bure. Lakini mwaka 1882 manowari za Uingereza ziliupiga mji huohuo kwa mizinga, na ukoloni uliofuata ulidumisha mahakama na upendeleo ambao wageni wengi walikuwa nao tayari. Simulizi la majonzi huanza na mji ukiwa umekwishapendeza na kumalizika wenyeji wanapoingia.

Sisi watu wa pwani hii tunalijua simulizi hilo, kwani tunaliuza wenyewe. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na tangu hapo nimeona vipeperushi vingi vyenye sauti ileile: Waarabu, Wahindi, Washirazi, Wareno, karafuu, milango ya nakshi. Mpiga pasi, mchukuzi wa bandarini, mama muuza urojo, ambao ndio wanaoishi humo leo, wanakuwa mandhari. Beit al-Ajaib ilipoporomoka sehemu yake Desemba 2020, wengi tuliandika tukalia. Watu wawili walikufa chini ya kifusi wakiwa kazini kuikarabati. Jumba lina jina, na jina lenyewe linamaanisha maajabu. Majina yao wawili hayakukaa vinywani mwetu.

Baada ya Durrell nikasoma Miramar ya Naguib Mahfouz, iliyotoka mwaka 1967. Wakati Durrell anaandika juu ya mji wa sherehe za matajiri, Mahfouz anachagua nyumba ya kulala wageni iliyochakaa, inayotazama bahari, inayomilikiwa na Mariana, bibi wa Kigiriki aliyebaki wenzake walipoondoka. Wapangaji ni mabaki ya kila zama: Amer Wagdi, mwandishi wa habari mzee, Tolba Marzouq, bwana shamba aliyenyang'anywa mali, na vijana watatu waliobebwa au kukandamizwa na mapinduzi ya 1952. Katikati yao yuko Zohra, msichana wa shamba aliyemkimbia babu yake aliyetaka kumwoza mzee, sasa mtumishi wa nyumba. Wasimulizi ni wanne, wote wanaume, na wanne hao wanazunguka matukio yaleyale, kila mmoja akituonyesha kifo kilekile kutoka upande wake.

Wahakiki wengi wamemsoma Zohra kama ishara ya Misri yenyewe, inayotongozwa na kila mtu na kuolewa na hakuna. Usomaji huo una msingi, ila mimi unanichosha, kwa sababu unamfanya Zohra afanye kazi mbili, ya kufagia nyumba na ya kubeba taifa. Kinachonivuta ni mambo madogo anayoyafanya. Anaamua kujifunza kusoma na kumlipa mwalimu kwa fedha zake. Anamkataa mchumba mwenye uwezo kwa sababu amesikia anavyowazungumzia wanawake. Anapiga anapopigwa. Mahfouz hakumpa zamu ya kusimulia, na huo ndio udhaifu mkubwa wa riwaya. Lakini amempa uamuzi, jambo ambalo Hamid wa Durrell hakulipata. Zohra ndiye mtu wa kwanza katika vitabu hivi kufika Iskandaria kama ninavyotaka kufika mimi: kwa fedha zake kidogo, bila ruhusa ya mtu, na kila mtu akimuuliza amekuja kufanya nini.

Kabla ya kuendelea, neno juu ya lugha. Miramar niliisoma katika tafsiri ya Kiingereza ya Fatma Moussa Mahmoud, nzuri na nyepesi. Lakini mara kwa mara nilihisi kana kwamba nazungumza na jirani kupitia mkalimani wa mbali. Mahfouz aliandika kitabu anachokiita riwaya, nami nakiita riwaya. Bahari aliyoiandika ni bahr. Safari, habari, wakati, hadithi, dunia, maneno haya yalivuka kuja kwetu karne nyingi kabla ya Kiingereza, na sasa inanibidi nipitie London ili nikutane nayo. Mfasiri wa Kiswahili wa riwaya hii angeanza akiwa na mtaji ambao mfasiri wa Kiingereza hana.

Kitabu cha nne ni No One Sleeps in Alexandria cha Ibrahim Abdel Meguid, mzaliwa wa Iskandaria, kilichotoka kwa Kiarabu mwaka 1996. Ni jibu kwa Durrell. Miaka ni ileile ya vita, mji ni uleule, na watu ni wengine kabisa. Magd al-Din, Mwislamu aliyehifadhi Qurani, anafukuzwa kijijini kwake na kuja mjini na mkewe Zahra. Anapata kibarua cha reli pamoja na Dimyan, Mkopti, na urafiki wao ndio uti wa mgongo wa riwaya. Hawajui kwamba wamo katika mji maarufu. Wanajua Mfereji wa Mahmudiyya, mitaa ya vibarua, bei ya maharage, na ndege za Wajerumani na Waitaliano zinazodondosha mabomu usiku. Hatimaye kazi inawapeleka El Alamein, kituo kidogo cha reli jangwani, ambako majeshi ya Ulaya yanakuja kupigana vita vyao.

Kitabu hiki kina kasoro. Abdel Meguid alisoma magazeti ya wakati ule kwa bidii na hakutaka kutupa kitu: kurasa nzima ni orodha za habari, leo Hitler kasema hivi, leo sinema fulani imeanza, leo sukari imepanda. Mahali pengine orodha hizo zinachosha. Mahali pengine zinafanya kazi haswa, kwa sababu mtu maskini katika vita kubwa huishi hivyo, habari za dunia zikimpita juu ya kichwa kama ndege. Na Iskandaria ya mchanganyiko ninayoiamini ni hii. Magd al-Din na Dimyan wanafunga na kufuturu wakijuana, wanagombana, wanaogopana kidogo, wanazikana. Miongozo ikisema kwamba mchanganyiko uliondoka na Wagiriki, riwaya hii inauliza: wakati huo hawa walikuwa wakiishi wapi?

Hapo ningeweza kuishia, nikaufanya huu uhakiki wa vitabu vinne vya karne ya 20. Kilichoniongezea cha tano ni ramani. Nilikuwa natafuta hoteli ya bei nafuu karibu na bandari ya mashariki nikaona jina la msikiti: Abu al-Abbas al-Mursi. Jina hilo nalijua tangu utotoni. Babu yangu mzaa mama, wa Kilwa Kivinje, alikuwa mfuasi wa tariqa ya Shadhili, ambayo ilienea pwani yetu na Ngazija zaidi ya miaka 100 iliyopita. Alipokuwa akisoma silsila, mlolongo wa masheikh, jina la Abul-Abbas al-Mursi lilikuja mara baada ya Abul-Hasan al-Shadhili mwenyewe. Nililisikia mara nyingi bila kujua kwamba mwenye jina amelala katika mji wenye anwani, kituo cha basi na hoteli za bei nafuu. Al-Mursi alitoka Murcia, Andalusia, akafia Iskandaria karne ya 13. Msikiti tunaouona leo ulijengwa baada ya kitabu cha Forster. Katika miongozo ni jengo zuri la kupiga picha, tena wanawake wakumbuke mtandio.

Kwa hiyo nikaenda kwa Ibn Battuta. Alifika Iskandaria katika masika ya mwaka 1326, akiwa na miaka 22, hata Makka hajafika bado. Alienda kuuona mnara wa Pharos na kuukuta upande mmoja umebomoka. Aliporudi mwaka 1349 ulikuwa umeharibika kiasi cha kutoingilika. Nguzo ya Diocletian aliiona pia. Lakini sehemu kubwa ya sura yake ya Iskandaria ni watu: kadhi, wanazuoni, mawalii. Anamtaja al-Mursi na mwanafunzi wake Sheikh Yaqut, Mhabeshi. Ananakili Hizb al-Bahr nzima, dua ya bahari ya al-Shadhili, ileile babu aliyokuwa akiisoma. Na ni Iskandaria ambako Sheikh Burhan al-Din alimwambia kwamba atafika India, Sind na China, na amsalimie ndugu zake huko. Miaka mitano baadaye, 1331, alikuwa Mombasa, kisha Kilwa.

Hiki ndicho kitabu pekee kati ya vitano ambamo Iskandaria na Kilwa zimo katika safari ya mtu mmoja, na msomaji wake anaweza kuwa mtu wa upande wowote. Hata hivyo sitaki kukifanya kiwe zaidi ya kilivyo. Alipofika Kilwa, Ibn Battuta alimsifu sultani kwa ukarimu na kwa vita vyake dhidi ya watu wa bara, ambao alivieleza kama jihadi na mapato. Ngozi zetu na chale za nyusoni alizieleza kwa jicho la mgeni. Safarini alimiliki watumwa bila kusita. "Sisi" yake ni pana kuliko ya Forster, lakini nayo ina ukuta, na wengi wa mababu zangu wangekuwa nje ya ukuta huo.

Hata hivyo alinikumbusha jambo ambalo miongozo ya leo imeligeuza kichwa chini. Inanichukulia kama mtu ambaye Iskandaria ni ngeni kwake. Lakini mji huo ulituandika sisi zamani sana. Katika karne ya 1 mfanyabiashara mmoja wa Misri, asiyejulikana jina, aliandika kwa Kigiriki Periplus ya Bahari ya Erythraea: mwongozo wa bandari, nanga, pepo na bidhaa, unaoteremka pwani yetu hadi Rhapta, soko la mwisho la Azania, mji uliopewa jina kwa mashua zake za kushonwa. Anasema pembe za ndovu na magamba ya kobe vinapatikana, na shoka na mikuki vinauzika. Karne moja baadaye Claudius Ptolemy, akiwa Iskandaria, aliiweka Rhapta katika Jiografia yake kwa habari za kuambiwa. Wasomi bado wanabishana Rhapta ilikuwa wapi, Rufiji au kwingine. Mwongozo wa kwanza unaojulikana kuhusu pwani yangu uliandikwa basi na mtu wa Misri, na ndani yake sisi ndio "wao" wenye pembe za kununuliwa.

Dada yangu akiniuliza tena kwa nini nisiende Unguja, nitamjibu kwamba kwa karne nyingi watu wa upande ule walikuja kututazama na kutuandika, wengine kwa biashara na wengine kwa dua. Siku nne za kuwatazama wao si anasa kubwa.

Ratiba imekuwa hivi. Siku ya kwanza ni ya Forster: nguzo, makaburi ya Kom el-Shoqafa, jumba la makumbusho la Kigiriki na Kirumi lililofunguliwa tena mwaka 2023 baada ya kufungwa kwa miaka mingi, na namba zake za kurasa mkononi. Kitabu nimekiweka kwenye simu. Siku ya pili ni ya Abdel Meguid: mitaa ya kusini, upande wa reli na Mahmudiyya, ambako miongozo haina picha. Siku ya tatu nitakaa ufukweni na Miramar, ndicho kitabu cha karatasi pekee nitakachobeba, na mchana nitaingia Maktaba mpya ya Iskandaria, iliyofunguliwa rasmi mwaka 2002, nione ukuta wake wa granite ya Aswan uliochongwa herufi za maandishi ya dunia. Durrell atabaki Dar es Salaam. Nimemwazima rafiki yangu yule.

Siku ya nne asubuhi nitakwenda msikiti wa al-Mursi, na wa Sidi Yaqut uliopo kando yake. Mama amenipa ubani na orodha ya majina ya kuombea. Nimemwambia sijui kama ubani unaruhusiwa ndege ya Cairo, akasema niufunge ndani ya soksi.